Suluhu Peke Yake Haitoshi: Mjadala wa Bugarama Kuhusu Unasihi wa Ndoa na Familia

Mada ni hii: katika kata kama Bugarama, mtu akielemewa moyoni, ndoa ikitikisika au familia ikigawanyika, aende kwa nani? Kwa wazee wa ukoo, kwa viongozi wa dini, kwenye baraza la kata, kwa mganga, au atafute mnasihi aliyesomea kazi ya kusikiliza?

Bugarama ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Iko jirani na Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na mpaka wa mkoa wa Geita hauko mbali. Kuuzunguka mgodi huo mkubwa kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, makarasha ya kusaga mawe, mialo ya kuchenjulia, migahawa na nyumba za kupanga. Watu wamekuja kutoka Mara, Kigoma, Kagera, Mbeya na kwingineko. Machi 2017 Serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, yasisafirishwe nje, mgodi ulipunguza kazi mwaka huohuo na wengi wakarudi nyumbani na barua za kuachishwa. Uzalishaji ulirejea baadaye, kampuni ya Barrick, mwendeshaji wa mgodi, na Serikali walipoafikiana na kuunda kampuni ya Twiga. Fedha za dhahabu hupanda na kushuka kwa ghafla, na amani ya nyumba nyingi hufuata mkondo huo.

Sauti zinazofuata nimezitunga mimi. Hakuna mtu halisi nyuma ya sauti yoyote. Hoja zenyewe ni zile zinazosikika katika ukanda huu, na kila upande nimeupa hoja yake iliyo imara.

Wazee wapo, tatizo liko wapi?

MZEE WA UKOO: Mwadila! Naanza mimi kwa kuwa ndiye mkubwa hapa. Kwetu Wasukuma ndoa haikuwa ya watu wawili. Ng'ombe wakitoka zizini kwa baba wa kijana na kuingia zizini kwa baba wa binti, koo mbili zimefungwa pamoja. Kijana akimtesa mke, waliopokea ng'ombe wana neno la kusema. Binti akirudi kwao, tunakaa, tunamsikiliza, tunamwita mume, tunamtoza faini, tunawarudisha nyumbani. Hakuna anayelipa nauli wala anayejaza fomu. Leo mnataka kijana wa chuo, ambaye hata hajaoa, atufundishe kutuliza nyumba? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

MAMA LISHE: Shikamoo babu. Maneno yako nayaheshimu, ila niulize. Mwenzangu ametoka Tarime, mimi nimetoka Kibondo. Tulikutana Kakola, karibu na mgodi, yeye akitoka karashani, mimi nikiuza chakula. Hakuna ng'ombe aliyetoka zizini. Tuliambiana sogea tukae, tukakaa, na sasa tuna watoto watatu. Wazee wake siwajui na wangu hawamjui. Siku tukigombana niuite ukoo gani? Mwenye nyumba tuliyopanga? Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye jioni wanakaa naye meza moja ya bia?

MZEE WA UKOO: Hiyo sogea tukae yenu ndiyo chanzo cha matatizo.

MNASIHI: Shikamoo mzee wangu. Mtu anaweza kuilaumu, lakini waliomo hawakosi kuumia. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua hali hiyo: kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na wakajulikana kama mke na mume, watadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo nyumba hizo zipo, na watoto wapo.

Nina swali la pili, nalo nalileta kwa heshima. Binti anaporudi kwa baba yake, na ng'ombe wake wa mahari walishatumika kumwozesha kaka yake, baba anamsikiliza binti au anawafikiria ng'ombe?

MZEE WA UKOO: Umegusa penyewe, ng'wanawane. Sitakudanganya. Wapo mabinti waliorudishwa kwa waume zao kwa sababu kurudisha mahari kungevunja nyumba ya kaka. Wazee waliokaa kikao waliijua sababu hiyo hata kama hawakuitamka.

MNASIHI: Hapo ndipo unasihi unapotofautiana na kikao cha ukoo. Kikao kinaanza na jibu: warudiane. Mazungumzo yote yanaelekezwa huko. Mnasihi hana ng'ombe katika jambo hilo, hana undugu na upande wowote, na haanzi na jibu. Anaanza kwa kuuliza kilichotokea, kisha anamsaidia mhusika kufikiri mpaka ajue anachotaka na anachoweza. Wengi hurudiana baada ya hapo. Wengine hutengana bila kuwagombania watoto, bila kuchomeana nguo.

MAMA LISHE: Na siri je? Niliwahi kumweleza jirani jambo langu. Kesho yake wateja waliokuja kunywa chai walikuwa wanalijua kuliko mimi.

MNASIHI: Siri ndiyo ngozi ya kazi hii. Anayeitoa nje bila ruhusa yako hafai kuitwa mnasihi. Mipaka yake ni michache, na mnasihi mzuri huitaja siku ya kwanza: kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au mtoto anadhurika, atalazimika kutafuta msaada zaidi.

Kanisa, msikiti na mganga

MAMA WA JUMUIYA: Mimi ni kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Jimbo letu Katoliki la Kahama limekuwapo tangu 1983, na kabla ya ndoa kuna mafundisho. Baada ya ndoa kuna wasimamizi, jumuiya na paroko. Ndugu zetu Waislamu wanao masheikh wao, na Suratun-Nisaa aya ya 35 inaelekeza atafutwe msuluhishi mmoja upande wa mume na mmoja upande wa mke. Sisi tunamfikia mtu bure, tunamjua kwa jina, tunamtembelea akiugua. Huyo mnasihi atakuja msibani kwako?

MNASIHI: Hiyo ni nguvu ambayo sisi hatuna, mama, na sitaki kuibeza. Mtu aliyefiwa au aliyekata tamaa anahitaji watu wa kumzunguka, na jumuiya inawaleta watu hao ndani ya saa moja.

MAMA LISHE: Lakini mama, mimi ninayeishi sogea tukae naanzaje kuleta matatizo yangu jumuiyani? Kabla sijamaliza sentensi ya kwanza naulizwa kwa nini hatujafunga ndoa. Nikisema nimechoka mpaka natamani nisiamke, naambiwa niongeze sala.

MAMA WA JUMUIYA: Sala si neno la kudharauliwa.

MNASIHI: Hakika, na sidharau. Ila asiyelala wiki nzima, aliyeacha kula, anayelia bila sababu na kuona maisha hayana maana, huenda ana sonona, na sonona ni ugonjwa. Hauonyeshi uchache wa imani. Mtu akiwa na malaria mnamwombea na mnampeleka zahanati siku hiyohiyo. Tunaomba mfanye vivyo hivyo kwa maumivu ya moyo na akili.

MZEE WA UKOO: Niseme lililobaki, kwa kuwa wote mnalizunguka. Watu wengi wakikwama hawaji kwangu wala kanisani. Wanakwenda kwa mganga, usiku. Duara halitoi dhahabu, mtoto amefariki, mke hashiki mimba, mume amehama chumba: wanataka waambiwe nani amesababisha. Mganga mwenye dawa za miti namheshimu. Ninayemwogopa ni yule wa ramli chonganishi. Yeye hutaja jina. Mara nyingi ni la bibi kizee mwenye macho mekundu, na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka 50. Huku kwetu, Shinyanga na Geita, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya ramli. Hilo linajulikana nchi nzima na ni aibu yetu.

MNASIHI: Mzee, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Familia iliyofiwa na mtoto inapokosa mahali pa kuupeleka msiba wake, inatafutiwa adui. Laiti baba na mama wale wangekaa na mtu wa kuwasikiliza katika wiki zile za kwanza, wakaeleza hasira yao, hatia yao na lawama wanazorushiana, ramli ingekosa pa kushika. Unasihi wa familia katika ukanda huu unaweza kuokoa maisha ya bibi.

Baraza la usuluhishi na kipigo

MJUMBE WA BARAZA: Mmesahau kwamba sheria imeshaweka chombo. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 101, inasema huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile mwenza amekutelekeza na hujui alipo. Kifungu cha 102 kinataka baraza liwepo katika kila kata, na jumuiya za dini nazo zinaweza kupewa baraza lao. Wajumbe ni mwenyekiti na wengine wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Tukishindwa kuwapatanisha tunatoa hati, na hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Kwa hiyo msiseme Bugarama hakuna pa kwenda.

MNASIHI: Pa kwenda papo. Mmepewa mafunzo gani ya kusikiliza?

MJUMBE WA BARAZA: Tunatumia busara. Mmoja mkulima, mmoja mwalimu mstaafu, mmoja mfanyabiashara. Tunawakalisha mume na mke mbele yetu, huyu anasema, yule anajibu. Nakiri kwamba ofisi ni chumba kimoja na wenye mashauri mengine wanasubiri mlangoni.

MAMA LISHE: Ndipo tatizo langu. Mwenzangu mmoja alikwenda kwenye baraza, silitaji la wapi, uso umevimba. Alitakiwa aeleze mbele ya mume aliyempiga, na wanaosubiri wakisikia. Mwishowe akaambiwa apunguze mdomo, mume akaambiwa apunguze mkono. Wakapeana mikono. Usiku ule alipigwa kwa kosa la kumwaibisha mume barazani.

MJUMBE WA BARAZA: Hilo halikupaswa kutokea. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

MNASIHI: Basi baraza lianzie hapo. Palipo na kipigo, jambo la kwanza ni usalama. Mapatano yanakuja baadaye, kama yatakuja. Aliyeumizwa apate matibabu, na fomu ya polisi namba 3, PF3, iandike majeraha yake kwa ajili ya ushahidi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa kazi hiyo, na katika hospitali kadhaa kuna vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Mnasihi anayejua kazi yake haanzi kwa kuwaketisha mume na mke pamoja. Anamwona kila mmoja peke yake, na kwa utulivu anauliza: unamwogopa mwenzako? Jibu likiwa ndiyo, unasihi wa pamoja unasubiri. Kumkalisha mtu anayeogopa mbele ya anayemwogopa ni kumfunga mdomo.

Wanaume wanazungumzia wapi?

KIJANA WA MADUARANI: Mnazungumza kama vile sisi wanaume kazi yetu ni kupiga tu. Mnajua kilichomo ndani yetu? Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, hukuhuku wilayani Kahama, wachimbaji wakafukiwa. Walitafutwa, wakakatiwa tamaa, ndugu wakaanua matanga. Novemba, baada ya siku 41, watano wakatolewa hai. Mwenzao mmoja waliyekuwa naye alishafia ndani. Walikula mende, vyura na mizizi. Dunia nzima ilitangaza muujiza. Mimi nauliza: baada ya kamera kuondoka, ni nani aliyekaa nao usiku wakiota giza lile? Na sisi tusiotangazwa, tuliowavuta wenzetu wakiwa maiti, kesho yake tukashushwa tena kwa kamba kwa sababu viroba vya mawe vinasubiriwa juu?

MAMA LISHE: Mbona nyumbani hamsemi? Mwenzangu akirudi ananyamaza siku mbili. Mimi nadhani amepata mwanamke mwingine.

KIJANA WA MADUARANI: Nikisema nini, dada? Kwamba nikisikia mlango unagongwa kwa nguvu moyo unaruka? Mwanaume akilia kwetu ataambiwa amerogwa. Basi nakunywa. Nikilewa nalala. Nisipolala nagombana. Na akitokea wa kujaribu kujiua, watu wanamficha, kwa sababu Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Badala ya daktari unamfikiria polisi.

MNASIHI: Hayo unayoeleza, ndoto za kurudiarudia, kushtuka, hasira za ghafla, ganzi ya moyo, kukwepa kila kinachokukumbusha, yana jina: kiwewe. Kinatibika. Mtu hukutana na mnasihi kwa muda wa saa moja hivi, kila wiki, kwa majuma kadhaa. Anafundishwa kwanza kuutuliza mwili, kisha anasimulia kidogo kidogo kilichotokea mpaka kumbukumbu ipungue makali. Pombe inaahirisha maumivu mpaka asubuhi; kiwewe kilichosimuliwa vizuri kinapungua kweli.

Na hapa tutenganishe. Kiwewe chako ni cha unasihi wa mtu mmoja. Ukimya wako na hofu ya mkeo ni unasihi wa wenza, kwa kuwa mke hajui anachoishi nacho. Mtoto aliyeanza kutoroka shule kwa sababu ya kelele za usiku anahitaji unasihi wa familia, na yeye pia apewe nafasi ya kusema. Mara nyingi nyumba moja inahitaji zaidi ya kimoja, na hupaswi kuanza na vyote. Anza na yule anayeumia zaidi.

Atapatikana wapi, na tutamjuaje?

MAMA LISHE: Maneno matamu. Mtu huyo yuko wapi? Hapa kwetu sijaona kibao kilichoandikwa mnasihi.

MNASIHI: Kibao hakipo, lakini milango ipo. Wa kwanza ni ofisi ya mtendaji wa kata: ulizia afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii. Wa pili ni kituo cha afya. Wengi mmezoea kwamba mshauri nasaha ni wa virusi vya UKIMWI tu, wa kliniki ya CTC. Lakini mshauri huyo amefundishwa kukaa na mtu faraghani, kumsikiliza na kumwelekeza. Mwombe akusaidie au akupe rufaa. Tatizo likizidi uwezo wao, kuna hospitali ya Kahama, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Shinyanga, na Bugando mjini Mwanza kuna madaktari wa magonjwa ya akili. Kwa jambo linalomhusu mtoto, namba 116 hupigwa bure.

KIJANA WA MADUARANI: Bugando ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea. Mwenye duara hatanisubiri.

MNASIHI: Ni kweli, na siwezi kukuficha kwamba maafisa wenyewe ni wachache kwa kazi waliyonayo. Ndiyo maana wengine sasa huzungumza na wanasihi wa Mwanza au Dar es Salaam kwa simu. Inafaa, mradi uwe na mahali pa faragha na simu ambayo mwenzako haifungui.

MJUMBE WA BARAZA: Na matapeli? Siku hizi kila mwenye simu anajiita mshauri wa mahusiano.

MNASIHI: Muulize maswali kabla ya kufungua moyo. Umesomea wapi na kitu gani? Nani anakusimamia? Yale nitakayosema nani mwingine atayajua? Gharama ni kiasi gani, na tutakutana mara ngapi? Ukishindwa utanipeleka kwa nani? Mtaalamu hakasiriki kuulizwa. Kenya walitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014, inayotaka wasajiliwe. Hata huko mteja bado anauliza.

Na zipo dalili za kukukimbiza. Anayekuahidi kumrudisha mume ndani ya siku saba, huyo anauza ndoto. Anayekusimulia siri za mteja mwingine, kesho atasimulia zako. Anayekutaka kimapenzi amevunja miiko yote. Anayekwambia uvumilie kipigo anahatarisha maisha yako. Anayezungumza dakika 50 na kukuachia 10 hajaja kukusikiliza.

Mzee anaweza kufundishwa?

MZEE WA UKOO: Basi nimewasikia. Mnasema sisi tumepitwa na wakati, tukae kando.

MNASIHI: Hapana, baba. Ngoja nikupe mifano. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi na wataalamu wachache mno. Akawachukua bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kumsaidia mtu kupanga matatizo yake na kuyatatua moja moja, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na wahudumu kama bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar.

Jirani zetu Uganda, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Matokeo yalichapishwa 2003 na yalikuwa mazuri. Hapa nchini, Moshi, na Bungoma ya Kenya, watu wasio na shahada ya saikolojia walifundishwa kuwanasihi watoto waliofiwa na wazazi. Utafiti huo ulikuwa na watoto 640.

Na karibu zaidi ni Mwanza. Wanawake wa vikundi vya mikopo walipata vipindi 10 vya mafunzo juu ya mahusiano, mawasiliano na haki zao. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha waliofundishwa walipata ukatili wa wenza wao kwa kiwango cha chini kuliko ambao hawakufundishwa.

MZEE WA UKOO: Bibi na wanakijiji?

MNASIHI: Bibi na wanakijiji. Walichokuwa nacho zaidi ya busara ni mambo matatu: walifundishwa, walisimamiwa na mtaalamu, na walijua ni lini wamfikishe mtu hospitali.

MZEE WA UKOO: Mimi nikifundishwa nitakubali. Lakini msinifundishe kwa maandishi tu, nifundisheni kwa mifano ya nyumba za hapa.

MAMA WA JUMUIYA: Na sisi pia. Wasimamizi wa ndoa tunawachagua kwa tabia njema. Kusikiliza hatujawahi kuwafundisha.

Uamuzi wa mwandishi

Nimewasikiliza wote, na natoa uamuzi wangu wazi. Bugarama ina wasuluhishi wengi. Inachokosa ni msikilizaji ambaye hana mahari ya kulinda, hana jina la ukoo la kusafisha, hana hati ya kujaza, na aliyefundishwa. Suluhu ni kazi njema, lakini suluhu inayokuja kabla ya kusikiliza huwarudisha watu ndani ya moto uleule. Mzee yuko sahihi kwamba ndoa inahitaji watu nyuma yake. Mama wa jumuiya yuko sahihi kwamba mtu hawezi kupona peke yake. Mama lishe na kijana wa maduarani nao wako sahihi, na uzito wa hoja nauweka kwao, kwa kuwa wao ndio wasio na kikao cha kuwapokea.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka wazee wawekwe kando, wala na wanaosema wazee wanatosha. Mzee, kiongozi wa dini au mjumbe wa baraza aendelee na kazi yake kwa masharti manne: azungumze na kila upande peke yake kwanza, asipatanishe palipo na kipigo kabla ya usalama kupatikana, alinde siri, na ajue mahali pa kumpeleka mtu jambo linapomzidi. Asiyeweza masharti hayo asikae kiti cha kusuluhisha.

Fedha haziwezi kuwa kisingizio hapa. Tangu marekebisho ya 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Bulyanhulu pia hulipa ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, unaogawanywa kati ya halmashauri za Msalala na Nyang'hwale. Fedha za aina hii zimejenga madarasa, zahanati na visima, na tunashukuru. Sasa madiwani waweke katika mpango huo wanasihi wawili, mwanamke na mwanamume, chumba chenye mlango unaofungwa katika kituo cha afya, na mafunzo ya kila mwaka kwa mabaraza ya usuluhishi na kamati za vijiji za kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA). Vikundi vya wanawake na vijana vinavyopata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri vipewe na vipindi vya mahusiano kama vile vya Mwanza. Wenye maduara wahakikishe kwamba mchimbaji aliyeshuhudia kifo anapewa mtu wa kuzungumza naye kabla ya kushushwa tena.

Nawe msomaji, usisubiri mpango wa madiwani. Ikiwa hulali, ikiwa unaogopa kurudi nyumbani, ikiwa mtoto wako ameacha kusema, nenda ofisi ya kata au kituo cha afya na useme sentensi moja: naomba kuzungumza na afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha, faraghani. Ukikosa kusikilizwa mlango wa kwanza, nenda wa pili. Kuomba kusikilizwa hakumvunjii mtu heshima, awe mwanamume au mwanamke, na ni bora uombe leo kuliko wengine waje kukusemea msibani.